Vitunguu vya maua vilivyotoka jaani: shajara yangu ya Fuoni, Unguja

Januari, wiki ya Mapinduzi

Shemegi yangu ni mtu wa bustani kwenye hoteli moja huko pwani ya mashariki, na kila ikifika Disemba hoteli inaagizia vile vitunguu vya amarilisi vilivyochovywa kwenye nta, vinapangwa mezani kwa ajili ya wageni wa Krismasi. Havina chungu, havina udongo, havimwagiwi maji, unakisimamisha tu na kinatoa bua na maua makubwa hayo, wageni wanapiga picha, mwaka mpya ukiingia maua yameshanyauka na kitunguu kinakwenda jaani. Nikamwambia shemegi safari hii visitupwe, nipe mie. Juzi kaniletea vinne ndani ya pakacha, mabua yameshakatwa, viwili vina nta nyekundu (kimoja kikubwa kimoja kidogo), kimoja dhahabu na kimoja nyeupe. Ntaviita kwa rangi hizo hata nta ikishatoka, maana maua yenyewe sikuyaona, na nilipomuuliza yalikuwa rangi gani kanambia "mekundu shemegi, au mengine waridi, sikumbuki".

Baba watoto kaniuliza, sasa ua si limeshatoka, unangoja nini tena? Swali zuri. Amarilisi si ua la kutoka mara moja likafa, kwao ni Amerika ya Kusini, Brazili na Peru na Bolivia huko, kitunguu kimoja kinaishi ardhini miaka na miaka na kinatoa kila mwaka. Haya makubwa ya dukani ni ya kuchanganywa, na wa mwanzo kuchanganya alikuwa Muingereza fundi saa, Arthur Johnson, kiasi cha mwaka 1799, halafu baadaye Waholanzi ndo wakaja kuishika biashara. Fundi saa! Kwa hiyo na mie mwalimu wa hesabu sijioni mgeni.

Na hii ya kutoa ua bila ya maji si uchawi. Ua lilishatengenezwa zamani, mwaka na zaidi nyuma, wakati kitunguu kiko shamba kina majani yake, likakaa ndani dogo limejikunja. Maji na chakula cha kulisukuma mpaka nje viko kwenye zile tabaka. Wale wenye biashara wanakata mizizi yote, wanachovya nta ili maji yasitoke, basi kinajilisha mwenyewe mpaka kinasinyaa. Hivi nilivyonavyo ukivibana vinabonyea. Vimetumia akiba yote na mizizi, ndo mdomo wa kulia chakula, imekatwa.

Mpango basi ni huu, mizizi kwanza, kisha majani, kisha majani yajaze kitunguu. Ua liko nyuma kabisa ya foleni.

Januari, kubandua nta

Hii nimeifanya uani mchana jua kali makusudi, maana nta ikipata joto inalainika na inatoka vipande vikubwa, ukiibandua asubuhi na ubaridi inakatika vipande vidogo na inakuudhi. Nimetumia kucha na kijiti cha mshikaki, kisu sikukitia karibu na shingo. Nta inang'oka pamoja na lile ganda kavu la kahawia la juu, chini yake unakuta tabaka jeupe linateleza kidogo, mahali pengine lina madoa ya kahawia pale ambapo jasho lilikuwa halina pa kutokea. Nilipofika kitakoni kuna waya, umezungushwa ndo kinachosimamia. Huu unauchomoa polepole kwa kuuzungusha, unaacha tundu.

Na hapa ndo pa kuangalia kwa makini kuliko pengine pote: kitako. Kile kisahani kigumu cha chini ndo kinachotoa mizizi, kipo mizizi itakuja, hakipo hamna dawa. Dhahabu kina kitako kizima na vidoti vya mizizi iliyokatwa vinaonekana duara zima. Vyekundu vyote viwili sawasawa. Nyeupe kimekatwa chini mpaka tabaka za ndani zinaonekana duara ndani ya duara, yaani wamekilinganisha kikae vizuri mezani. Nimekiweka pamoja na wenzake lakini moyo wangu haupo.

Matundu ya waya nimeyapaka unga wa makaa. Kuna watu wanasifu unga wa mdalasini na sisi mdalasini si wa kuutafuta, lakini mdalasini unakausha sana na mie hapo hapo nataka mizizi, kwa hiyo mdalasini nimeuacha kwenye pilau. Vimekaa kivulini kwenye ungo mpaka jeraha limekauka.

Tahadhari moja ya nyumbani, haviwekwi jikoni hata kidogo. Vikishavuliwa nta na ganda ni vitunguu vya kweli kwa macho, na ndani vina sumu inaitwa laikorini, inatapisha na kuumiza tumbo vibaya. Mtoto akitumwa "nipe kitunguu" ataleta hicho. Vyangu viko juu ya kabati la uani na kila aliyemo ndani ya nyumba nimemuonesha. Paka vilevile asitafune.

Mwisho wa Januari, kupanda

Udongo. Huku Fuoni kwetu uani ni kichanga, maji yanapita tu. Nikaomba ndoo ya kinongo kutoka shamba kwa mjomba huko Dole, udongo mwekundu ule unaokaa vizuri mkononi, lakini kinongo peke yake ndani ya kopo kinashikana na kitunguu kisicho na mizizi kikikaa kwenye unyevu siku nyingi kinaoza. Kinataka kitu cha kukiachanisha. Nimetia usumba.

Sasa usumba wa kwetu una jambo lake. Makumbi yanafukiwa pwani kwenye tope la bahari miezi mpaka yanalainika, ndo wanawake wanayapiga wanapata usumba wa kusokotea kamba. Kwa hiyo umejaa chumvi. Ukiutia moja kwa moja kwenye ua unaliunguza. Nimeuloweka kwenye beseni kwa maji ya mfereji, nikamwaga, nikaloweka tena, nikawa naendelea hivyo mpaka nilipoonja maji kwa ncha ya ulimi hayana kitu. Mchanga wa pwani pia sitii kwa sababu hiyohiyo, nimetia mchanga wa kujengea kidogo na makaa yaliyopondwa.

Makopo ni yale ya rangi ya lita nne, nimeyatoboa chini. Chungu kikubwa si sifa kwa amarilisi, baina ya kitunguu na ukingo iwe nafasi ya vidole viwili basi, ikizidi hapo udongo usiokuwa na mizizi unakaa na maji. Kitunguu nimekizika nusu tu, shingo na mabega yako nje. Maji nimemwagia pembeni, mara moja, halafu nimewacha. Hapa ndo penye mtihani, maana joto la kaskazi linakutia huruma unaona ua linaungua na kiu, kumbe halina hata mzizi wa kunywea.

Februari

Hamna kitu. Dhahabu kimeanza kukazana, nikikibonyeza hakibonyei sana. Basi.

Februari tena, habari ya Nyeupe

Kimeoza kama nilivyohisi, kimeanza kunuka na kunyong'onyea upande. Kitako hamna. Nimekitoa na kabla ya kukitupa nikakipasua katikati kwa kisu kibovu cha bustani, na wallahi hiki ndo kitu kilichonifunza kuliko yote niliyosoma.

Nusu ya chini ilikuwa kahawia inavuja, lakini juu ya hapo tabaka zilikuwa bado nyeupe safi. Katikati kabisa kuna alama ya bua lililotoka Disemba, kikonyo kilichokauka. Pembeni yake, baina ya tabaka na tabaka, kuna kitu kidogo cheupe kinachokwenda kwenye umanjano, urefu wake kama punje ya mchele, kimesimama wima. Nikachukua miwani ya kusomea nikakitazama: ni ua. Ua la mara ya pili lililokuwa tayari limo ndani wakati wageni wanapiga picha la kwanza. Na ndani zaidi kuna chengine kidogo kuliko hicho.

Kumbe hivi ndivyo kinavyokwenda. Amarilisi kinazaa majani manne kisha ua, manne kisha ua, foleni moja inayosukumana kutoka ndani kwenda nje, na kila tabaka unaloliona ni shina la jani lililowahi kuwepo. Mimi sitengenezi ua jipya la mwaka huu. Lile lipo. Kazi yangu ni kukilisha kitunguu ili hilo lililokwishaanza lisife njaa ndani, maana kitunguu kikidhoofika kinaliacha likauke. Na majani yatakayotoka mwaka huu ndo yanapanga ua la mwakani na la mtondogoo.

Nikamuonesha binti yangu, kaniuliza "sasa mama kwa nini wanavitupa?" Nikamwambia kamuulize ami yako.

Machi, Ramadhani

Majani! Dhahabu kimetoa mawili, ncha zake zimebanana zinatoka shingoni zinakwenda mbele zikiachana. Nyekundu kikubwa moja. Nyekundu kidogo bado.

Sasa ndo naanza kumwagilia kweli, nachomeka kidole mpaka kifundo, kikitoka kikavu natia maji, kikitoka na udongo umeshikana naacha. Natia baada ya magharibi nikishafuturu kwa sababu ndo nakumbuka. Sitii shingoni, maji yakikaa baina ya majani ndo mwanzo wa kuoza, na tena yale majeraha mekundu ya ukungu ambayo amarilisi yote duniani yanaumwa yanapenda majani yaliyolowa.

Jua nimewapa la asubuhi tu, uani upande wa mashariki mpaka saa nne hivi kisha ukuta unawafunika. Majani machanga yaliyotoka ndani hayajui jua la saa saba, yanababuka meupe na jani lililobabuka halirudi.

Aprili, masika

Mvua imeanza kweli. Nimevihamishia barazani chini ya paa, maana makopo yakikaa wazi masika nzima usumba wote huo haukusaidii. Kuna watu wanasema mvua ni rehma mwache ua anywe. Mwenye mizizi mingi ardhini, ndio. Huyu wa kwenye kopo anazama.

Mbolea: samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka imekuwa haina harufu, kiganja kimoja juu ya udongo isiguse kitunguu, na majivu ya kuni kidogo kwa sababu kitunguu kinataka potasiamu. Ya dukani, NPK, nayeyusha nusu ya kipimo kilichoandikwa. Samadi mbichi hapana, inaunguza, na ukizidisha naitrojeni unapata majani marefu mazuri yanayolala chini na kitunguu hakinenepi, utasifiwa majani.

Nyekundu kidogo kimetoa jani! Wa mwisho lakini kaja.

Mei, viwavi

Nimeamka nikakuta Nyekundu kidogo jani limeliwa upande mmoja limebaki uzi. Juu yake viwavi, vyeusi vina mistari na madoa meupe, vimejipanga pamoja vinakula ubega kwa ubega. Hivi najua vinakotokea, yale maua makubwa meupe ya jamii hii hii wanayopanda mbele ya maofisi na mahoteli vinayamaliza kila mwaka, na jirani wa nyuma anayo matatu kando ya ukuta. Ubaya wao haviishii kwenye jani, vikimaliza juu vinaingia kwa shingo ndani ya kitunguu vinatoboa mpaka chini, na ukija kushtuka kitunguu kimekuwa uji.

Dawa sikutia. Nimevitoa kwa mkono na kijiti ndani ya kopo la maji ya sabuni, nikafungua majani moja moja na tochi ya simu kutazama vilivyojificha, na chini ya jani nikakuta mayai yamebandikwa mstari, nikayafuta kwa kitambaa. Kila jioni nikitoka kumwagilia natazama chini ya majani. Kazi ndogo lakini haina mapumziko mpaka masika iishe. Jirani nimemwambia naye atazame ya kwake, kacheka, kasema ya kwake ni ya kunguru na viwavi yeye anayatazama tu.

Nyekundu kidogo kimebaki na jani moja na nusu.

Juni

Masika imekwisha, upepo umegeuka kusi, kipupwe. Vimerudi uani kwenye jua na sasa naweza kuwapa la saa tano mpaka saa sita maana jua la Juni si la Februari. Dhahabu kina majani matano, kitunguu kimejaa kimekaza hata ganda jipya la kahawia limeanza. Nyekundu kikubwa majani manne, na ubavuni pametoka kitu chembamba kijani, ni mtoto. Sijakitoa. Mtoto wa kitunguu anaachwa na mama mpaka awe na mizizi yake na kiasi cha theluthi ya ukubwa wa mama, ukimtenga mdogo anakaa miaka hajatoa ua.

Julai: mjadala na Bi Mkubwa wa nyumba ya pili

Hapa nataka kukaa kidogo.

Maelekezo yote ya Ulaya yanasema majani yakishafanya kazi, mwisho wa kiangazi chao, kitunguu kinanyimwa maji na kuwekwa mahali pa giza na baridi, kiasi cha digrii 10 mpaka 13, wiki 8 mpaka 10, ndo kinapumzika kisha kinaamshwa. Sasa digrii 13 tutaitoa wapi sisi. Usiku wa Julai hapa tunajifunika shuka mbili tunasema baridi na bado hatujashuka chini ya 20 au karibu na hapo. Watu wanasema friji, ile sehemu ya mboga. Friji sikatai lakini kwanza matunda. Maembe na ndizi na tufaha zikiiva zinatoa gesi ya ethilini na gesi hiyo inaua ua changa ndani ya kitunguu, na friji gani Unguja isiyo na tunda? Halafu umeme. Tuliokuwepo kisiwani Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu ya giza, hatumuachii friji roho ya kitu.

Sasa Bi Mkubwa. Ana kopo la bati la samli, la siku nyingi, limeliwa na kutu, ndani mna amarilisi ile ndogo ya rangi ya chungwa nyekundu ambayo imezagaa visiwani na nchi zote za joto, vitunguu vimebanana mpaka vimelipasua kopo. Kila mwaka vuli ikianza linatoa mabua, hajawahi kutia mbolea. Nimemwendea na maswali yangu yote, unalipumzishaje, unalitia wapi, unakata majani lini. Kanitazama. "Mwanangu, ua mie nalisahau. Ndo maana linatoa."

Nimekwenda kuliona lilipo. Liko chini ya upenu wa nyuma, upande ambao mvua ya masika inafika kwa upepo lakini manyunyu ya mchoo, zile mvua ndogo za wakati wa kusi, hayafiki. Masika linalowa na kutoa majani. Masika ikiisha hakuna anayelimwagilia, majani yanalala yanakauka, Julai, Agosti, Septemba kavu kabisa, halafu vuli ikija na mvua zake za upepo linalowa tena na linatoa ua. Kusahau kwake ndo ile baridi ya Wazungu. Kitunguu kwao kwenyewe wengi wanakaa sehemu zenye msimu mkavu, kinachokilaza ni kiu, na ua halitaki baridi ili litengenezwe maana limeshatengenezwa kama nilivyoona kwenye Nyeupe. Usingizi ni wa kulipanga litoke kwa wakati mmoja na kwa nguvu tu.

Kwa hiyo nimeamua, friji hapana, digrii 13 hapana. Kiangazi cha kusi kinatosha.

Agosti

Mbolea nilishaacha mwisho wa Julai. Sasa maji nimepunguza, kisha nimekata kabisa kwa Dhahabu na Nyekundu kikubwa. Nimeyalaza makopo ubavu chini ya upenu, midomo imetazama ukuta, ili hata mchoo ukinyunya maji yasiingie na mie mwenyewe nisipite na kata mkononi nikaona huruma.

Nyekundu kidogo sikilazi. Kina majani mawili na kitunguu kimekuwa kidogo kuliko kilivyokuja, mapumziko ni ya aliyefanya kazi na huyu hajala bado. Huyu anaendelea kumwagiliwa kama kawaida.

Majani ya kijani hayakatwi, hata yakilala. Yakiwa yanageuka manjano kile chakula kinarudi ndani ya kitunguu, ukimkata kijani umemwibia. Naling'oa likiwa limekauka linatoka kwa kuvutwa tu.

Septemba

Majani ya Dhahabu yamekauka yote isipokuwa moja limegoma, kijani vilevile. Nimeliacha. Si lazima yaishe yote, kwenye joto letu hiki kitu kinaweza kukaa na majani mwaka mzima na kutoa ua hivyohivyo.

Nimebonyeza vitunguu vyote viwili, vigumu. Kikilala kikawa laini ujue kinaoza au kimekauka kupita kiasi, kikiwa kigumu kiache. Baba watoto kaona makopo yamelala kadhani kunguru kayaangusha kayasimamisha yote, nimeyalaza tena.

Oktoba, kuamsha

Nimesimamisha makopo. Nimekwangua udongo wa juu kiasi cha vidole viwili nikatia mpya wenye samadi kavu, mizizi sikuigusa. Kubadilisha kopo hakuna haja, vinapenda kubanana. Kumwagilia mara moja, kisha kungoja, kama tulivyoanza.

Novemba

Vuli imeshika. Dhahabu kimetoa kitu ubavuni mwa shingo na si jani. Ukitaka kujua, jani ncha yake ni bapa na nyembamba inayotoka katikati, bua la ua linatoka pembeni, nene, ncha imechongoka imevimba na ukilipapasa kwa vidole ni duara. Nimelipapasa kila asubuhi kabla ya skuli mpaka binti kaniambia utalichosha. Linakua kwa kasi ya ajabu, na linafuata jua, nalizungusha kopo kila siku robo ili lisiiname.

Nyekundu kikubwa majani tu. Matatu kwa mpigo, mazuri, mapana kuliko ya masika. Mtoto wake naye ana majani mawili. Nilitarajia ua na sikupata lakini nikitazama kitunguu nafahamu, kilikuja kimesinyaa mno na mtoto juu yake. Lile la ndani huenda limekauka zamani.

Disemba

Dhahabu limefunguka. Maua matatu kwenye bua moja, mekundu ya damu, koo la kijani, katikati kila petali mstari mweupe unaofifia kabla ya kufika ncha. Shemegi kaja kaliangalia kasema "basi hili ndo lilikuwa waridi". Si waridi.

Nimekata zile chembe za chavua kwa mkasi mdogo zilipoonekana tu kabla hazijapasuka, maana ua likishachavushwa linajiona limemaliza kazi linanyauka, na pia unga wake unatia doa kwenye nguo halitoki. Mchana naliingiza ukumbini kwenye kivuli, jioni barazani. Kwenye nchi za baridi ua moja linaweza kukaa mpaka wiki mbili, joto letu la Disemba linalifupisha, lile la mwanzo limeanza kunywea la tatu bado halijafunguka vizuri.

Bi Mkubwa kaja kulitazama. Kasema zuri, kubwa, lakini lake yeye lilikuwa na mabua manane. Ni kweli, nimeyahesabu.

Januari

Yamenyauka na sasa ndo naanza ile kazi ambayo mwaka jana niliianzia katikati, safari hii kitunguu kina mizizi yake.

Nimekata kila ua na kile kifundo cha kijani nyuma yake, kikiachwa kitafanya mbegu na mbegu zinakula akiba. Bua lenyewe nimeliacha limesimama halina kitu juu, baba watoto analiona baya, lakini maadam kijani linafanya kazi ya jani. Likigeuka manjano ntalikata juu ya shingo kiasi cha vidole viwili, na ndani ni tundu, ukikata maji yanamwagika kwa hiyo uwe na kitambaa. Majani mapya mawili yameshatoka ubavuni mwa bua na mbolea nimeshaanza, nusu kipimo, kila Ijumaa ya pili.

Nyekundu kikubwa namuacha na mtoto wake mpaka masika nyengine ipite, ndo ntamtenga. Nyekundu kidogo ana majani manne sasa na kitunguu kimeanza kukaza, kwa hesabu yangu ua lake si la mwaka huu, ni la mwakani kama viwavi wakituachia. Nimezungumza na jirani wa nyuma, kakubali nimtolee mayai ya viwavi kwenye maua yake mwenyewe maadam yeye hagusi.